Kanga ya Msumarini na Watu wa Kunong'ona

Juzi Neema, mjukuu wa marehemu dada yangu, alikuja kunisalimia hapa kwangu Ilala. Ana fremu ya mabegi ya kike Kariakoo, mzigo anautoa China. Alipomaliza shikamoo yake, aliweka machungwa chini, akaenda kufunga dirisha, akarudi kukaa karibu nami hadi nikasikia harufu ya chingamu anayotafuna.

"Bibi," akanong'ona, "eti wewe unamfahamu mtu?"

"Mtu gani tena, mimi na umri huu?"

"Aa, bibi nawe! Mtu wa... wa zile." Akasuguasugua kidole gumba na cha shahada.

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Zile zina jina, mwanangu. Zinaitwa dola. Sema tu, humu hakuna askari, kuna mimi na kuku wangu."

Loo! Mtoto alitazama mlango kana kwamba nimevua nguo. Hapo kicheko kikanikauka kidogo, maana yale macho nayajua. Nimeyaona kwa watu wazima, wenye maduka na watoto, miaka ambayo Neema hata mama yake alikuwa hajaota meno. Mimi nimekula mkate wa dola maisha yangu yote ya kazi, kwanza kwa kificho, halafu kwa leseni, na nimestaafu nikiwa keshia nyuma ya kioo, na feni juu ya kichwa. Kwa hiyo leo nakaa niwasimulie, Neema na wenzako wote mnaopanga foleni ya dola pale Kariakoo na simu mkononi, siku hizi zilivyoadimika tena. Kaeni vizuri, mnaotafuna karanga tafuneni polepole.

Duka nililoanzia lilikuwa la vitambaa, mtaa wa nyuma ya soko. Mwenyewe aliitwa Ami Awadh. Mwarabu, lakini Mwarabu wa hapa hapa. Babu yake ndiye aliyekuja, yeye kazaliwa Kariakoo, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno kuliko changu mimi niliyeshuka kutoka Kilimanjaro na lafudhi ya kuchekesha wateja. Alikuwa mpole, mwembamba, kofia yake haijawahi kukaa upande. Aliyenipeleka pale ni mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye alikuwa na duka la jumla la mchele na sukari ng'ambo ya barabara. Watu wote walimwita Mangi, kama mnavyomwita kila Mchaga mwenye duka hadi leo.

Mjomba Mangi hakunipeleka kwa Ami kwa mapenzi. Siku ya kwanza alinishika bega akasema, "Aikande, pale kwa Ami fungua masikio. Kila jioni uje uniambie anauzaje."

"Anauza nini, mjomba?"

"Anauza! Wewe sikiliza tu."

Basi nikasikiliza. Jioni ya kwanza nikaja na taarifa yangu nimeikariri kama sala ya Baba Yetu: kanga doti bei hii, kitenge bei hii, shuka bei hii, na leso ameshusha kidogo. Mjomba akashika kichwa. "Si hizo!" Jioni ya pili vilevile. Ya tatu nikaongeza na bei ya nyuzi. "Si hizo, mtoto wewe!" Nikamwuliza basi ni kipi kingine, maana duka nimelifagia lote na hakuna kitu nisichokijua. Mjomba akatazama mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga. "Nenda kale, ulale," akasema.

Mnaliona hilo? Kanituma upelelezi, lakini neno la kupeleleza hathubutu kulitamka, hata jikoni kwake, hata kwa mtoto wa dada yake.

Kwa ninyi mliozaliwa juzi, niwafahamishe. Wakati ule dola ilikuwa na bei mbili. Kulikuwa na bei ya redioni, iliyosomwa kwa sauti nzuri baada ya taarifa ya habari, na ukiitaka kwa bei hiyo unapeleka maombi dirishani benki na unasubiri mpaka nywele ziote mvi. Na kulikuwa na bei ya mtaani, ambayo haikusomwa popote, lakini dola yake ilipatikana leo hii hii. Mwenye lori lililokufa kifaa, mwenye mgonjwa wa kupeleka nje, mwenye mtoto chuoni ughaibuni, hata mkubwa mwenye suti ya mikono mifupi aliyetoka kuhutubia kwamba wauza dola ni maadui, wote walikuja mtaani. Wauzaji walikuwa mabaharia wa bandarini na watu wenye ndugu nje. Sheria ilikuwa wazi: ukikamatwa, wewe ni mlanguzi, na mlanguzi alikuwa anatajwa kwa sauti ileile ya kumtaja fisi.

Kwa hiyo bei haikusemwa. Ilibanwa. Ami na mteja wake walishika kitambaa pamoja kama watu wanaopima ubora wa pamba, na chini ya kitambaa viganja vyao vilikuwa vinazungumza. Vidole hivi ni mia, vidole hivi ni makumi, kugandamiza mara moja ni nimekubali, kukwaruza kwa kucha ni unaniua bwana. Mimi nilikuwa pale nikishangaa jinsi wanaume wa Dar wanavyojali vitambaa. Nilimwandikia mama kwamba mji huu wanaume wananunua nguo kwa umakini sana.

Sasa nifike kwenye kanga.

Pale mlangoni kwa Ami kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ilitundikwa kanga nyekundu yenye maua ya korosho. Asubuhi inatundikwa, jioni inashushwa. Hakuna aliyeniambia kitu kuhusu kanga ile. Siku moja Ami kaenda msikitini kuswali, nimebaki peke yangu, anaingia mama mmoja wa Buguruni, mnene, mcheshi, shangazi wa bibi harusi. Akatazama kanga zote za dukani akabetua mdomo. Akatoka, akaiona ile ya msumarini. "Hii hapa!" Nikamwambia hiyo ni ya mlangoni. "Ya mlangoni si ya kuuza? Ninyi mnauza nguo au mnauza milango?" Nikaona kweli. Nikamkazia bei, akatoa, nikaishusha nikamkunjia. Nilikuwa na furaha mpaka naimba.

Kumbe, wanangu, kanga ile ndiyo ilikuwa taa ya mtaa mzima. Ikiwapo, maana yake njia ni nyeupe, njooni. Isipokuwapo, maana yake msako umeingia, kila mtu ajue pa kujificha. Na haikuwa kanga yoyote, ilikuwa hiyo hiyo ya korosho, kila mtu wa kazi ile aliijua.

Ami anarudi kutoka msikitini, anapiga kona, anaona msumari mtupu. Akapita mbele ya duka lake mwenyewe bila kugeuza shingo, kama mtu asiyelijua, na mimi ndani nampungia mkono, "Ami! Ami!" Aliposikia naita, akaongeza mwendo. Alikwenda moja kwa moja hadi hapa Ilala kwa dada yake, akakaa ukumbini akimlilia Mungu juu ya duka lake na juu yangu mimi binti wa watu niliyekamatwa. Mjomba Mangi naye kaona msumari kutoka ng'ambo, akajitupa stoo nyuma ya magunia ya mchele. Watu wa dola wote wakayeyuka. Na waliokuwa nazo wakazikalia, na aliyekuwa anazitaka akaongeza, akaongeza tena, na hadi alasiri bei ilikuwa imeruka Kariakoo nzima. Mimi binti wa form four, nimepandisha bei ya dola ya Jamhuri kwa kuuza kanga moja!

Jioni nikafunga duka nikamfuata Ami hadi Ilala kwa dada yake, nikidhani kaitwa huko kwa haraka, na mauzo yangu kwenye mkoba. "Ami, leo nimeuza mpaka ile ya mlangoni!" Alinitazama. Akatazama dari. Halafu akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yanatetemeka, machozi yanamtoka, na dada yake akadhani mtu kafa.

Kesho yake tulikwenda wote wawili Buguruni kuikomboa. Yule shangazi alikuwa keshaikata na kuipinda. Akasema ataiuza, ila kwa bei yake. Ami akamtolea mkono chini ya kanga kwa mazoea, yule mama akaurusha. "Bwana mkubwa, unanishika mkono wa nini? Sema bei!" Maskini Ami alinunua kanga yake mwenyewe kwa bei ya kulangua, na njia nzima ya kurudi alikuwa akitikisa kichwa. Ndipo akaniambia kazi yetu ni nini hasa. Na mimi jioni ile nikaenda kwa mjomba nikamwambia, "Mjomba, sasa nimejua unachotaka kusikia. Sikuambii." Alinikasirikia mwezi mzima, ila nadhani alinipenda zaidi.

Ngojeni niwape na ya kazi yenyewe, maana ninyi mnaamini mashine tu. Mashine ikizimika umeme mtafanya nini? Noti ya dola unaipitisha ukucha kwenye koti la yule mzee wa pale katikati. Ya kweli inakwaruza, ya bandia inateleza kama karatasi ya kalenda. Ichape hewani isikilize: ya kweli inalia kavu, haitoi sauti ya kitambaa. Vichwa vidogo, yaani noti za zamani zenye picha ndogo, zina bei yake, vichwa vikubwa vina yake, na moja-moja haziuzwi sawa na mia, mtu asikudanganye. Iliyochanika usiichukue hata akulilie. Na kubwa kuliko yote: mteja mwenye haraka mpe kiti. Nikiwa keshia vijana wangu walinicheka, "Mama Aikande na viti vyake." Lakini tapeli hakai, anasema anasubiriwa kwenye teksi. Mtu mwenye shida ya kweli anakaa, anashukuru na maji anaomba.

Baharia mmoja alinifundisha hilo kwa hasara yake. Aliuziwa noti bandarini na bwana mwenye haraka, akaja nazo kwa Ami. Ami akazichapa hewani, zikawa kimya kama bamia. Baharia akazimia palepale juu ya majora ya kitenge, tukampepea na kanga ya msumarini. Alipoamka akauliza kama wakati amezimia zimebadilika. Tulimchangia nauli ya kwenda kwao, na mimi sikumcheka mpaka alipoondoka.

Kuna jambo jingine ambalo ninyi mlio na mitandao hamwezi kulihisi. Magazeti yetu wakati ule yalikuwa yanakubaliana yote, kila asubuhi. Mtu akisimama jukwaani, mambo ni mazuri. Akikaa, bado mazuri. Wewe umesimama kwenye foleni ya sabuni unayasoma hayo mazuri. Huwezi kusema si kweli, utamwambia nani? Lakini bei ya dola ilikuwa inasema. Ilikuwa inapanda hotuba haijamalizika. Ami alikuwa akisikiliza redio na kidole kimoja kikigonga kaunta, na mzungumzaji akifika mahali fulani Ami ananiangalia, na mimi najua kesho itakuwa ngapi. Sisemi tulikuwa watakatifu, hapana! Kuna waliotajirika kwa njaa za wenzao, na kuna waliouza dawa kama wanauza dhahabu, hao nawachukia mpaka kesho. Nasema tu kwamba mahali ambapo watu hawaruhusiwi kusema, wanatafuta kitu kitakachowasemea, na sisi kwetu ilikuwa bei.

Kunong'ona kule kulikuwa na gharama yake, na hapa mnivumilie kidogo, hapachekeshi sana.

Siku moja msako ulikuja kweli. Kanga ilikuwa msumarini, hakuna aliyepata muda wa kuishusha. Walimchukua Ami na kofia yake, wakamweka ndani. Alikaa miezi, akatoka bila kuambiwa sababu ya kuingia wala ya kutoka. Siku aliyorudi tulimpikia pilau, akaanza na mzaha: kule ndani alikuta wenzake wote wa kazi, na kwa kuwa walikuwa chumba kimoja, soko halikuwahi kuwa na ushindani mzuri namna ile. Tukacheka. Lakini tulikuwa tumemwinamia ili tumsikie. Sauti yake ilikuwa imekwenda. Daktari akamtazama koo, akasema koo ni zima kabisa.

Tangu hapo Ami alinong'ona kila kitu. Alimnong'oneza muuza samaki bei ya changu. Alimnong'oneza kondakta kituo anachoshuka, akapitilizwa. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe ilibidi shemeji yake arudie kwa sauti kila neno lake, na wageni wakadhani ni mila ya Kiarabu. Mimi nilikuwa nacheka naye mchana, na nikifika nyumbani nalia. Mtu mzuri vile, amebaki na pumzi tu.

Halafu mambo yakaanza kubadilika. Vyama vikawa vinazungumzwa, magazeti yakawa mengi na yakaanza kugombana, raha tupu. Na siku moja redio, ileile redio, ikatangaza kwamba mtu anaruhusiwa kufungua duka la kubadilisha fedha, bei anaipanga mwenyewe, anaiandika mlangoni. Sharti apate leseni. Mjomba Mangi akasema, "Huo mtego. Wanatutaka tujipange mstari wenyewe." Lakini Ami aliizima redio ile, akaninong'oneza, "Aika mwanangu, nataka ubao. Ubao wenye jina langu na bei, juu ya mlango. Nikae chini yake, nife nikiitwa kwa kazi yangu."

Hakutaka kingine duniani. Na mimi nilijua akikataliwa hatajaribu mara ya pili.

Sasa sikieni vituko. Kupata leseni ilibidi usimame mbele ya kamati ukahojiwe, na swali kubwa lilikuwa uzoefu. Uzoefu! Nani atakupa leseni ya kushika fedha za watu bila uzoefu? Na uzoefu huo ungeupata wapi nchi hii, ikiwa kazi yenyewe hadi mwezi uliopita ilikuwa jela? Ukisema unao, umejishitaki. Ukisema huna, nenda nyumbani. Wiki ile vijiwe vyote vya kahawa Kariakoo vilikuwa vinajadili hilo tu, na jibu likapatikana: kila mtu aseme alijifunza kazi nje ya nchi.

Mimi nilimfunda Ami kama bibi harusi. "Ami, wewe ndiye mwenye bahati kuliko wote. Sema Muskati. Sura unayo, jina unalo, nani atabisha? Uliishi kwa baba mdogo Muskati, ukafanya kazi dukani kwake. Basi." Akaitikia kwa kichwa. Nikamrudisha mara nyingi, "Uzoefu wako?" Ananong'ona, "Muskati." "Sauti, Ami." Sauti haitoki.

Siku ya siku, ukumbi umejaa, waombaji tumekaa kwenye mabenchi nyuma, kamati mbele kwenye meza yenye kitambaa cha kijani. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, uso haucheki. Mlangoni askari. Wakaanza kuita. Wa kwanza, bwana mmoja wa Buguruni ninayemjua tangu zamani, hajawahi kuvuka Kibaha. "Uzoefu?" "Nairobi, mheshimiwa." Anayefuata, London. Mwingine, Hong Kong, na Hong Kong yenyewe aliitamka kwa shida. Akaitwa mjomba wangu. Mangi akanyanyuka na koti la kuazima, kifua mbele. "Nimefanya kazi hii Dubai, mheshimiwa, kwa muda mrefu." Dubai! Mtu ambaye mwisho wa safari zake ni Moshi, Krismasi kwa Krismasi! Mama mwenyekiti alikuwa anawasikiliza wote bila kuinua macho. Nilimwona ameacha kabisa kuuliza swali la nyongeza.

"Awadh."

Ami akasimama. Mimi nikasimama naye kama msaidizi wake, nimemshika kiwiko.

"Mzee, uzoefu wako katika kazi hii ni upi?"

Ami akanong'ona.

"Sisikii, mzee."

Akanong'ona tena. Nikafungua mdomo nimsemee, Muskati iko kwenye ulimi, mama yule akaninyooshea kalamu. "Wewe binti, hapana. Namuuliza yeye. Mzee, sema kwa sauti."

Ami akauondoa mkono wangu kwenye kiwiko chake, taratibu. Akavuta pumzi. Na ile sauti, jamani, sauti ambayo nilikuwa nimekwisha kuizika, ikatoka. Ilikuwa na kutu, ilikatika katikati, lakini ilifika hadi mwisho wa ukumbi.

"Uzoefu wangu nimeupata hapa hapa Kariakoo. Kazi hii nimeifanya miaka yote ile mliyokuwa mnanitafuta. Na mlinipata, na mlinifunga. Nilipotoka, nikaendelea."

Mungu wangu. Askari mlangoni akajiweka sawa. Wanakamati wawili wa meza ya kijani wakaangaliana. Mama mwenyekiti akavua miwani, ikaning'inia kifuani kwa kamba yake.

"Mzee, unajua unachokisema?"

"Najua, mwanangu. Nimenong'ona vya kutosha."

Mama yule akamtazama Ami, na Ami akamtazama yeye, kofia imenyooka. Kisha akasema, "Kaa, mzee wangu. Tangu asubuhi wewe ndiye wa kwanza kunijibu swali."

Ami alikuwa hajakaa nikasikia benchi linalia nyuma. Nikageuka. Ni mjomba wangu, Mangi, kasimama, koti la kuazima limembana, jasho linamshuka.

"Samahani, mheshimiwa," akasema. "Naomba kurekebisha. Ile Dubai niliyosema... ni Mtaa wa Kongo, Kariakoo."

Alianza kucheka askari. Naapa, askari ndiye aliyeanza! Halafu ukumbi wote ukapasuka. Na kabla kicheko hakijaisha, bwana wa Buguruni naye yuko juu, "Na Nairobi yangu, mheshimiwa, ni Buguruni Sheli!" London akanyanyua mkono. Hong Kong akanyanyua mkono. Watu wazima, waliojificha nyuma ya magunia miaka na miaka, wanagombania zamu ya kusema ukweli, mama mwenyekiti anagonga meza, "Mmoja mmoja! Mmoja mmoja!" na yeye mwenyewe anafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kijani.

Leseni zilitoka, za wote, ubao wa Ami ukapanda juu ya mlango, na hakuna aliyeulizwa habari za zamani. Lakini hilo tulilijua baadaye. Saa ile hatukujua kama tunatoka kwa mlango wa mbele au tunapakiwa kwenye gari. Ami alikuwa amekaa benchi la mbele katikati ya makelele yale, mikono magotini, anatazama mbele tu. Nikapiga magoti mbele yake, maana nilidhani anaumwa.

"Aika," akasema, kwa sauti yake, sauti ya kawaida ya mtu kuzungumza na mtu. "Wamenisikia?"

"Wamekusikia, Ami."

"Wote?"

"Wote, Ami. Mpaka yule askari wa mlangoni."

"Na hakuna aliyenishika?"

"Hakuna, Ami. Hakuna."

Akajishika koo kwa kiganja, kama mtu anayegusa kitu alichorudishiwa, akalia mbele ya watu bila kujificha. Na mimi nikalia naye.